Uzamili: saikolojia tiba au unasihi? Nikague nini kabla ya kulipa ada

binti_korogwe

Wakuu, salaam. Nina shahada ya kwanza ya saikolojia na nataka kuomba uzamili dirisha hili. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni saikolojia tiba, miaka miwili, masomo ya mchana, kwenye chuo chenye hospitali ya kufundishia. Ya pili ni saikolojia ya unasihi, mwaka mmoja na nusu, vipindi vya jioni na Jumamosi, ambayo ningesoma huku naendelea na kazi.

Kwenye vipeperushi zinafanana kama mapacha: nadharia za haiba, magonjwa ya akili, mbinu za tiba, takwimu, tasnifu. Tofauti halisi iko wapi? Mtu wa unasihi anaajirika hospitali? Wengi hukwama wapi, maana nasikia watu wanamaliza darasa halafu tasnifu inalala miaka? Na kusoma Kenya au Uganda kunabadilisha nini?

mtaa_wa_upanga

Karibu, dada. Vipeperushi vinafanana kwa sababu masomo ya darasani kweli yanakaribiana. Weka kando orodha ya masomo, ulizia fildi: utakaa wapi, ataletwa nani mbele yako, na nani atakusimamia.

Saikolojia tiba imekaa kwenye magonjwa ya akili. Pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, kozi ipo chini ya idara ya magonjwa na afya ya akili, na Chuo Kikuu cha Nairobi vilevile ipo upande wa tiba. Kwa hiyo utapita wodini, utakwenda raundi pamoja na daktari wa magonjwa ya akili, muuguzi na ofisa ustawi wa jamii. Mtu wa kwanza asubuhi anaweza kuwa na skizofrenia, wa pili baipola, wa tatu yuko kwenye uraibu wa heroini. Kazi kubwa ni tathmini: kuchukua historia, kuchunguza hali ya akili, kupima, kuandika ripoti, kisha tiba ya mazungumzo kwa anayeifaa. Unasihi unakutana zaidi na mtu anayeendelea na shughuli zake ila mzigo umemzidi: msiba, ndoa, majibu ya VVU, kufukuzwa kazi, mwanafunzi aliyefeli. Mpaka kati ya hizo mbili unavukwa kila siku, lakini aliyefundishwa upande mmoja tu hujulikana haraka. Mnasihi ambaye hajawahi kukaa na mtu anayesikia sauti ataendelea kumsikiliza kwa upole wiki sita mtu ambaye alipaswa kupelekwa kwa daktari siku ya kwanza. Na wa tiba aliyezoea wodi atamjazisha mjane dodoso tatu kabla hajampa pole.

Sasa saa. Kila programu ya maana inakutaka utimize saa kadhaa za kukaa ana kwa ana na wateja. Tuseme chuo kinadai saa 200. Uko fildi siku mbili kwa wiki, kila siku umepangiwa wateja watatu, saa moja kila mmoja: sita kwa wiki. Theluthi hawatokei, hiyo ni hali ya kawaida, wamebaki wanne. 200 ukigawa kwa 4 ni wiki 50. Muhula ukiwa wa wiki 16, hiyo ni mihula mitatu na zaidi, na kwenye ratiba wameandika muhula mmoja. Hapo ndipo watu wanapoanza kujaza saa hewa kwenye daftari, na msimamizi mwenye macho huziona: mwanafunzi ana saa 6 za wateja siku ambayo kliniki ilifungwa kwa sikukuu.

Kwa hiyo usiulize tu "saa ngapi". Uliza saa za mteja ana kwa ana ni ngapi, na saa za kuandika ripoti, mikutano na kusoma faili zinahesabiwa wapi. Kuna vyuo vinavyochanganya zote, ukadhani umefika kumbe nusu ni karatasi.

Aina ya kliniki nayo inaamua. Kliniki ya methadoni, dawa ya waraibu wa heroini, mtu huja kunywa dawa kila siku, kwa hiyo ukimpangia kikao Jumanne na asipokuwa tayari, Jumatano yupo palepale. Muhimbili walianza huduma hiyo mwaka 2011. Kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU (CTC) ni kinyume: mtu aliye imara hupewa dawa za miezi mitatu au sita, kwa hiyo utamwona mara moja na hutamwona tena kabla muhula haujaisha. Utapata wateja wengi wa kikao kimoja, na hakuna hata mmoja uliyemfikisha kikao cha sita. Mtahini akikuomba uwasilishe kazi ya mteja mmoja tangu kikao cha kwanza hadi cha kufunga, huna.

Kuhusu hiyo ya jioni: kliniki za afya ya akili kwenye hospitali za umma ni asubuhi, siku za kazi. Ukiwa umeajiriwa, fildi yako itakuwa wapi na saa ngapi? Kama jibu ni shuleni au kanisani Jumamosi, hicho ndicho utakachobobea. Si vibaya, ila ujue mapema.

Ajira: usitegemee maneno ya mtu, mimi nikiwemo. Ingia Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, tafuta matangazo ya nyuma ya kada unayoitaka, soma neno kwa neno sifa walizoandika. Wakiandika "saikolojia tiba", cheti kinachosema "unasihi na maendeleo ya jamii" kinakaa pembeni hata kama ulisoma vitabu vilevile. Jina la shahada litakaloandikwa kwenye cheti ulipate kwa maandishi. Lililoko kwenye kipeperushi wakati mwingine silo.

jirani_wa_ngong

Niongezee ya Kenya. Hapa kwetu kuna Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na ipo bodi yake. Kufanya kazi hii bila kusajiliwa ni kosa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa chuo chochote cha Kenya: je, kozi hii inatambuliwa kwa usajili, na wahitimu wenu wa mwisho wamesajiliwa kwenye daraja gani? Ofisa anayejua kazi atakujibu papo hapo.

Nairobi, upande wa kitabibu, wanafunzi hupelekwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na Mathari, ile ya magonjwa ya akili. USIU, chuo kikuu binafsi cha Nairobi, wana uzamili wa tiba na wa unasihi, na juu yake udaktari wa saikolojia tiba wenye mwelekeo wa vitendo. Uganda, Makerere wanazo zote mbili chini ya Skuli ya Saikolojia, na hospitali kubwa ya akili pale Kampala ni Butabika.

Ukija kutoka Tanzania andaa pasi ya mwanafunzi mapema; usiingie kama mgeni wa matembezi ukitegemea kubadilisha baadaye. Ukirudi nyumbani cheti kitapitia TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kutambuliwa, kwa hiyo hakikisha kabla ya kulipa kwamba chuo na kozi vimeidhinishwa na mamlaka ya Kenya. Na utafiti wowote utakaofanyia Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya. Hiyo huiombi mpaka uwe na barua ya kamati ya maadili mkononi, na leseni yenyewe ina muda wa mwaka mmoja. Wengi huipata mapema, wanakaa nayo bila kuanza, inaisha, wanalipa tena.

Jambo moja watu hawaulizi: programu nyingine hukutaka wewe mwenyewe uketi kwenye kiti cha mteja vikao kadhaa kwa mnasihi asiye mwalimu wako, na gharama ni yako. Uliza.

binti_korogwe

Asanteni sana. Hilo la methadoni na CTC sikuwahi kulifikiria.

Kuhusu tasnifu, nilikuwa nimepanga "Kiwango cha sonona kwa wanafunzi wa vyuo", dodoso la PHQ-9 la dalili za sonona, watu 384. Naona tasnifu nyingi zina hiyo 384. Ni sawa?

kalamu_nyekundu

Dada, hiyo 384 imekuwa kama chumvi, kila chungu inaingia. Inatokana na kanuni hii ya ukubwa wa sampuli: 1.96 (ya uhakika wa asilimia 95) kipeo cha pili, mara 0.5, mara 0.5, gawanya kwa 0.05 (kosa unalokubali) kipeo cha pili. Unapata 384.16, na kwa kuwa huwezi kumhoji sehemu ya mtu, ni 385. Sasa ile 0.5 maana yake "sijui kabisa kiwango kikoje, nachukua hali mbaya kuliko zote". Kama kuna tafiti za kundi linalofanana zinazoonyesha takribani asilimia 20, weka 0.2 na 0.8, utapata 246. Na kama chuo chako kina wanafunzi 600 tu, unarekebisha: 384.16 gawanya kwa (1 + 383.16/600), inatoka 235. Ukitarajia mmoja kati ya kumi atakataa au hatamaliza, gawanya kwa 0.9, usizidishe kwa 1.1: 262.

Halafu kosa la pili linakaa palepale. Watu wanapiga hesabu hiyo, kisha wanaingia madarasa manne wanagawa dodoso kwa kila aliyeketi. Wanafunzi wa darasa moja wanafanana: wana mtihani mmoja, mwalimu mmoja, bweni moja. Kanuni ile inadai umchague kila mtu peke yake kwa bahati nasibu. Ukichagua kwa madarasa, sampuli inapaswa kuongezwa, na uchambuzi uzingatie makundi. Mtahini wa nje ataanzia hapo.

Dodoso lenyewe. PHQ-9 ina maswali tisa, kila moja 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27, vikomo 5, 10, 15 na 20. Ni la bure, huombi ruhusa. Tofauti na BDI-II, dodoso jingine la sonona, yenye maswali 21 na jumla hadi 63, ambayo ina mwenyewe na inauzwa; kuitoa nakala dukani na kuiweka kwenye kiambatisho cha tasnifu ni kujitafutia kesi. Kuna SRQ-20 ya Shirika la Afya Duniani pia, maswali 20 ya ndiyo au hapana, rahisi kwa wasiosoma sana.

Matoleo ya Kiswahili ya PHQ-9 yapo, yamejaribiwa Kenya na Tanzania. Anza na hayo, usitafsiri upya nyumbani usiku mmoja. Na hata ukichukua lililopo, lipitishe kwa watu wanane hadi kumi wa kundi lako kabla ya kuanza. Usiwaulize kama wameelewa, maana kila mtu atasema ameelewa. Mwambie: "Nieleze kwa maneno yako hapa umeulizwa nini."

Utashangaa yatakayotoka. Jibu la tatu kwenye PHQ-9, lenye alama 2, matoleo mengine huliandika "zaidi ya nusu ya siku". Soma tena taratibu. Kwa aliyelitunga maana ni "zaidi ya nusu ya zile siku 14". Kwa mtoto wa Kiswahili maana ya kwanza inayokuja ni kutwa nzima ikikatwa katikati: tangu asubuhi mpaka alasiri nilikuwa na huzuni. Mtu aliyehuzunika siku moja tu lakini kwa saa nyingi anaweka alama 2. Andika "siku 8 hadi 11 kati ya 14", au la basi mhoji aeleze kwa mdomo hivyohivyo kwa kila mtu. Neno jingine ni "mnyonge". Umelitumia kwa mtu aliyevunjika moyo, lakini kwa masikio mengi ya Tanzania mnyonge ni maskini, asiye na mtetezi. Mwanafunzi asiye na mkopo atajibu "ndiyo, karibu kila siku", na amesema kweli, ila umepima mfuko wake. Na "kuwa na mawazo" hakuhitaji maelezo: kila mtu anajua ni kusumbuka. Lugha yetu ina dalili nyingi zinazokaa moyoni na kichwani, moyo kwenda mbio, kichwa kujaa, mwili kuchoka. Ukizisikia kwenye majaribio ziandike, ni sura nzuri ya majadiliano.

Sasa swali la tisa, la kufikiria ni afadhali kufa au kujidhuru. Hapa ndipo kamati za maadili zinaporudisha mapendekezo, na ni haki yao. Mwanafunzi anaandika "dodoso halitakuwa na jina", kisha karatasi 300 zinatumbukizwa kwenye sanduku. Usiku anafungua, anakuta mtu ameweka 3. Utampataje? Njia ni mbili. Ama unampa kila mshiriki namba, orodha ya namba na simu inakaa kwenye kabati tofauti yenye kufuli, unakagua swali la tisa kabla mtu hajatoka chumbani, na yeyote mwenye alama 1 na zaidi anaonwa siku hiyohiyo na mtu uliyekubaliana naye kwa barua. Au unaliondoa swali hilo na kutumia PHQ-8, jumla 0 hadi 24, kikomo cha 10 kilekile. Kwa tasnifu ya mtu mmoja asiye na timu, ya pili ni ya busara.

Na kichwa cha tasnifu. PHQ-9 huchuja, haithibitishi ugonjwa. Aliyepata 10 na kuendelea ana dalili za kiwango cha kati au zaidi. Kumwita "mgonjwa wa sonona" kunahitaji mahojiano ya kitabibu. Badilisha kichwa kabla hujabadilishiwa.

kalamu_nyekundu

Nimesahau vibali, ambavyo ndivyo vinavyolaza tasnifu kuliko takwimu. Kwa Tanzania mlolongo wa kawaida: kamati ya maadili ya chuo, barua ya utambulisho ya chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, mganga mkuu au mkuu wa chuo husika, ndipo mlango ufunguke. Kila ofisi inataka kuona barua ya ofisi iliyotangulia, na huwezi kuzipeleka zote kwa mpigo. Tenga miezi minne kutoka siku pendekezo linapopita idarani. Washiriki wakiwa chini ya miaka 18 unahitaji ridhaa ya mzazi kwa maandishi na kukubali kwa mtoto mwenyewe. Shule ya bweni, mzazi yuko Kigoma, wewe uko Tanga: hapo pekee panakula muhula. Chagua chuo cha watu wazima kama una haraka.

Maoni yangu, usinichukie: kiwango cha sonona kwa wanafunzi kimeshapimwa mara nyingi. Swali dogo la tiba lina thamani zaidi. Kwa mfano, wateja wanaokuja kikao cha kwanza, wangapi wanafika cha nne, na walioacha waliachia wapi? Faili ziko kliniki, husumbui mtu. Au chukua mbinu fupi kama ile ya Shirika la Afya Duniani iitwayo PM+, vikao vitano vya dakika 90 vinavyoendeshwa na wasio wataalamu na iliyojaribiwa Nairobi, uangalie wahudumu wa afya ya jamii wanaifuata hatua kwa hatua kiasi gani.

zamu_ya_usiku

Mkuu umemaliza tasnifu, ila wa faili naye ajiandae: faili zenyewe zimeandikwaje? Ukienda kukusanya data utakuta "Mteja alikuja, tumeongea, anaendelea vizuri, aje wiki ijayo." Hapo hakuna cha kukusanya. Na wanafunzi wa uzamili ndio wanaoandika hivyo.

Maelezo ya kikao yanayosomeka yanakaa hivi:

*Kikao cha 3, dakika 50. Anaripoti kulala muda wa saa 4 kwa usiku (wiki iliyopita muda wa saa 3). Zoezi la kuandika mawazo: amefanya siku 4 kati ya 7, siku alizoruka ni za zamu ya usiku kazini. PHQ-9: 14 (kikao cha 1: 19). Kujidhuru: nimeuliza moja kwa moja, amekana wazo na mpango. Leo: tumepitia wazo "nimewaangusha nyumbani", ushahidi wa pande mbili. Kazi ya nyumbani: kutembea dakika 20 kabla ya zamu, siku 3. Kikao cha 4: Alhamisi.*

Angalia "muda wa saa 4". Ukiandika "analala saa 4", anayepokea faili atasoma kwamba anapanda kitandani saa nne usiku, na mgonjwa mwenye ukosefu mkubwa wa usingizi ameshakuwa mtu wa kawaida. Na "amekana" peke yake haitoshi, onyesha kwamba uliuliza.

Usimamizi: daftari la saa lisainiwe kila wiki. Wasimamizi wa hospitali huhamishwa, huenda likizo, huenda masomoni. Mwanafunzi anayesubiri saini za miezi sita siku ya mwisho anakuta ofisi ina mtu mwingine ambaye hakumwona hata siku moja, na hawezi kusaini. Uliza pia kama msimamizi anaangalia kazi yako au anasikiliza unavyomsimulia. Simulizi huwa nzuri siku zote. Kikao kilichorekodiwa kwa ridhaa ya mteja ndicho kinachoonyesha kwamba ulimkatiza mara tisa.

Kurekodi kwenyewe kuna adabu yake. Taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na Kenya wana yao ya 2019. Usitumie simu ya familia isiyo na nywila, wala usipeleke habari za mteja kwenye kundi la WhatsApp la darasa "wenzangu mnasemaje hapa": hata bila jina, kwenye mji mdogo anatambulika kwa kazi yake na idadi ya watoto wake.

pwani_minnesota

Habari za huko. Kidogo kuhusu nje, kwa kuwa wengi huuliza baada ya kuhitimu wakati wangeuliza kabla.

Marekani, majimbo mengi jina la mwanasaikolojia ni la mwenye udaktari. Uzamili unakupeleka kwenye leseni ya mnasihi, na programu zilizoidhinishwa na CACREP, chombo cha ithibati ya kozi za unasihi, zina krediti 60 za muhula, praktikamu (vitendo vya awali) ya saa 100 ambazo 40 ni za mteja ana kwa ana, kisha fildi ya saa 600 ambazo 240 ni za ana kwa ana, na usimamizi kila wiki. Baada ya hapo ndipo unaanza kuhesabu saa za leseni ya jimbo. Uingereza jina la mwanasaikolojia tiba linalindwa na HCPC, baraza la usajili wa wataalamu wa afya, na njia yake ni udaktari wa miaka mitatu. Afrika Kusini uzamili unatosha kuingia, lakini unafuatwa na miezi 12 ya mafunzo kwa vitendo na, kwa wa tiba, mwaka wa kutumikia jamii.

Kwa hiyo shahada ya Dar au Nairobi haikupi jina hilo moja kwa moja huku, ila inaweza kukupunguzia mwendo kama makaratasi yako yamekamilika. Wanaotathmini wanataka muhtasari wa kila somo wenye mhuri, pamoja na daftari la saa lililotenganisha ana kwa ana, usimamizi na mengineyo. Vichukue ukiwa bado chuoni. Mtaala ukibadilishwa baada ya miaka mitano, ofisi itakupa mhuri kwenye muhtasari mpya, na hautalingana na transkripti yako.

binti_korogwe

Nimeelemea kwenye ya mchana sasa. Ila sijui nimwandikie vipi mratibu bila kuonekana namhoji.

mtaa_wa_upanga

Andika fupi, kwa heshima, na uombe ajibu kwa barua pepe ili ubaki na maandishi. Mfano:

*Ndugu Mratibu, salaam. Nina shahada ya kwanza ya saikolojia na ninakusudia kuomba uzamili wa saikolojia tiba katika dirisha hili. Ili nijipange kikazi na kifedha, naomba kufahamishwa: (1) saa za mteja ana kwa ana zinazotakiwa, na muhula ambao fildi huanza; (2) vituo vya fildi vilivyotumika mwaka uliopita; (3) msimamizi mmoja husimamia wanafunzi wangapi, na kama usimamizi ni wa mtu mmoja mmoja au wa kundi; (4) jina la shahada kama linavyoandikwa kwenye cheti; (5) gharama ambazo hazimo kwenye ada, zikiwemo nauli za fildi, vipimo na malipo ya kamati ya maadili. Natanguliza shukrani.*

Swali la pili ndilo uliangalie kuliko yote. Umeandika "mwaka uliopita", kwa hiyo hawezi kukujibu kwa vituo wanavyotarajia kuingia navyo mkataba. Akikutajia vituo, piga simu kimoja, omba mtu wa kitengo cha afya ya akili, umuulize wanafunzi wa chuo hicho huwa wanakaa wiki ngapi na wanapewa chumba cha kuonea watu au wanakaa kwenye benchi la korido. Chumba uliza kwa msisitizo, kwani hospitali nyingi zina kimoja kinachogombewa na wanafunzi wa uuguzi, ustawi wa jamii na ninyi, na kila siku usiyokipata inatoka kwenye zile saa 200.